Beji Iliyolala Chumbani kwa Bibi

Nyemo mwanangu,

Nilipoteza beji yangu ya mionzi Jumanne ya wiki ile bibi yako alipomeza dawa, ukiwa kidato cha pili. Jumatatu iliyofuata nikaikuta mfukoni mwa koti lile lile ambalo nilikuwa nimeshalipekua mpaka bitana. Beji ilirudi. Kilichokwenda kisirudi ni ukuu wa chumba cha dawa za mionzi hospitalini, niliovuliwa mwezi wa tisa mwaka huo huo, na watu waliozoea kuniita Mwalimu wakaanza kuniita kwa jina.

Naandika jioni hii wewe na mama yako mkiwa soko la Majengo mnatafuta karanga na zabibu kavu za kubeba. Mdogo wako Yona yuko uani anapigisha mpira ukutani. Kila ukigonga najua bado nina muda.

Habari za sweta, za pasipoti, za kutomwamini dereva teksi wa uwanja wa ndege, mama yako ameshazimaliza, na alizosahau shangazi yako Eliza atazipigia simu. Mimi nina jambo moja tu. Nalizunguka tangu Jumapili na sijapata pa kuliingilia. Nikikaa nahisi nimekasirika. Nikisimama nahisi kitu kingine ambacho sikijui jina. Kwa hiyo usinishangae barua ikipinda.

Unakumbuka Jumapili, wageni wa kukuaga wamejaa sebuleni, shangazi yako akakushika mkono.

"Sasa na wewe huko utavaa kile kidude cha baba yako kifuani?"

"Nitavaa, shangazi. Kila mtu ana chake."

"Ndicho kinachozuia hiyo mionzi yenu?"

Ukacheka. "Hakizuii kitu, shangazi. Kinahesabu tu. Hata mimi zamani nilidhani ni kinga. Nilijua ukishakivaa hakuna kinachokupata."

"Kumbe! Kama hirizi."

"Kama hirizi," ukasema.

Ukanitazama, na mimi nilikuwa nakutazama. Ukainuka ukasema soda zimekwisha, unakwenda kuleta. Nyemo, soda zilikuwa tele. Kreti lilikuwa miguuni pangu.

Acha nianze mbali kidogo, maana wakati ule ulikuwa mtoto, na mengi yalisemwa ukiwa umetumwa dukani.

Chumba kile sikukifikia kwa kubebwa. Mtoto wa mfugaji wa kule karibu na Buigiri, nilianza hospitali kwa kuosha filamu za eksirei kwenye chumba cha giza, mikono inanuka dawa mpaka ugali unaukataa. Cheti nilikipata nikiwa kazini, stashahada nikiwa nimeshaoa, shahada ukiwa umeshaanza darasa la kwanza. Tulikuwa tukifanya kazi zetu za shule kwenye meza moja, wewe na herufi zako, mimi na milinganyo yangu, na mama yako akituuliza nani amemaliza ale. Hesabu sikujifunzia chuoni. Nilijifunzia mlangoni mwa zizi, jioni, ng'ombe wakiingia na babu yako amesimama na fimbo. Mmoja akikosekana husemi karibu wote wamerudi. Unarudi porini.

Ndiyo maana kazi hii ilinikaa. Ule mtambo mdogo unaofika kwa ndege ndani ya ganda la madini ya risasi, wenzetu wote duniani wanasema wanaukamua. Siku ya kwanza niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Unaukamua asubuhi, unapata dawa ya wagonjwa wa siku, kesho unaukamua tena na maziwa yamepungua, mpaka unakauka na mwingine unaletwa. Dawa yenyewe haikungoji. Ukichelewa foleni ya bajaji, nusu ya nguvu yake imeshakwenda ifikapo mchana, iwe umeitumia au hukuitumia. Nilikuwa mzuri kwenye kazi hiyo. Naandika bila haya. Nilikuwa mzuri kuliko waliokuja baadaye na suti.

Na nilikuwa mkali juu ya beji. Wewe sasa unajua beji ni nini kuliko nitakavyokueleza: kipande kidogo kinachokaa kifuani, hakina taa wala mlio, kinameza mionzi kimya kimya, na kila baada ya miezi michache kinapelekwa kusomwa, kinarudi na namba. Namba hiyo inaandikwa chini ya jina lako na inabaki huko mpaka unastaafu. Sheria ni moja. Ukitoka kazini unaiacha ubaoni, pamoja na beji nyingine ya kulinganishia ambayo haivaliwi na mtu. Haiendi nyumbani, haiendi sokoni, haiendi kanisani.

Sadiki alikuwa kijana wangu. Nilimfundisha mwenyewe kushika bomba la sindano kwa koleo, kusimama mbali, kufanya haraka bila papara. Ni mtoto wa mjini, ukoo wake umefanya biashara Majengo tangu enzi za misafara. Siku moja katoka kazini na beji kifuani, kaenda moja kwa moja kununua mchele. Wauza nafaka walipoona kile kidude wakamdhania mtu wa kodi. Wawili walifunga maduka. Alipotusimulia kesho yake kila mtu alicheka, mimi nikasimama katikati ya kicheko nikamwambia, "Mtu asiyejua beji yake ilipolala hastahili kuingia chumba hiki." Mbele ya wauguzi. Mbele ya mama anayepiga deki.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne yake beji yangu ilikuwa nyumbani.

Sasa bibi yako. Mama yangu alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Moyo unamkimbia, mikono inatetemeka, chai anaimwaga kabla haijafika mdomoni. Kijijini walisema amerogwa, wengine walisema ni uzee. Nilipomwona shingo nikajua. Daktari akapima, akathibitisha: tezi limezidisha kazi, dawa yake ayodini yenye mionzi. Kidonge kimoja. Ayodini inakwenda yenyewe mpaka kwenye tezi, inakaa hapo, inalituliza. Ila kwa siku kadhaa mgonjwa mwenyewe anakuwa kama jiko: ukikaa karibu unapata joto lake. Mtu mzima akipita hadhuriki. Mtoto na mama mjamzito tunawaweka mbali. Na mama yako alikuwa na mimba ya Yona, miezi mitano.

Kurudi Buigiri wiki ile haikuwezekana, basi lingembananisha na watoto wa watu. Nikampa chumba cha uani. Choo chake, sahani yake, kikombe chake. Chakula kinawekwa kwenye kigoda mlangoni. Watoto wasivuke ukumbi wa nyuma. Wiki nzima.

Nilipiga hesabu ile kwa haki. Niseme hivyo na niishikilie. Ukinipa leo dozi ile na mimba ile nitaandika namba ile ile.

Lakini wewe unamkumbuka bibi yako. Mlenda anaula bakuli moja na wajukuu, vidole vinagongana, na asiyepigania haki yake analala njaa. Kila alipokuja mjini ulilala kwake, kitanda kimoja, mgongo wake na tumbo lako, mnateta mpaka mama yako anagonga ukuta. Alikuita "mke mwenzangu", akakusingizia kwamba babu yako kabla hajafa alikupenda wewe zaidi na ndiyo maana yeye alizeeka haraka. Mtu huyo nikamwekea sahani kwenye kigoda.

Jumatano asubuhi nilisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Akageukia ukuta.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

"Hiyo shikamoo ya kurusha kama jiwe siipokei," akasema. "Ningekuwa mbwa ungenirushia mfupa. Ingia uniamkie."

"Mama, nimekueleza habari ya dawa."

"Umenieleza. Na mke mwenzangu yuko wapi? Au naye mmemwambia nina kichaa?"

"Yupo shule. Mama Nyemo ana mimba, mama. Ni siku chache."

"Mimi nimezaa saba," akasema, "sikuwahi kumpimia mtu siku za kunisogelea."

Nikaondoka. Nilikuwa nimechelewa kukamua mtambo. Na ubaoni hospitali nikakuta nafasi ya beji yangu tupu, ndipo nikakumbuka kwamba jana yake niliondoka na koti langu la kazi mwilini, nimemshika mama mkono, nikilifikiria geti la nyumba na mahali pa kumpitisha ili asikutane na mama yako. Jioni nikalipekua koti. Hakuna. Nikatafuta kwenye gari la jirani lililotuleta, chini ya makochi, kwenye beseni la nguo. Nilimuuliza mama yako. Nilimuuliza bibi yako kutoka mlangoni, akanijibu, "Nimekuja kuugua, sikuja kuiba." Nilikuuliza wewe, ukiwa unakunja soksi za shule. Ukasema, "Sijui, baba." Hukuinua macho. Nikadhani ni soksi.

Jumatatu, beji mfukoni. Nikaichomeka kifuani nikaenda kazini, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa tisa majibu yalirudi. Beji za wenzangu kama kawaida. Yangu, zaidi ya mara ishirini ya kawaida yangu. Wakaniita. Watu watatu mezani, mkuu wa idara katikati, na Sadiki pembeni kwa sababu ndiye aliyekuwa akinisaidia.

Mkuu akaniuliza, "Je, beji hii iliwahi kwenda nyumbani?"

Nikamtazama Sadiki. Sadiki akatazama meza.

"Haijawahi," nikasema.

"Basi tueleze."

Wakapima chumba, matofali ya risasi, mabomba, mikono yangu. Safi kila mahali. Kwa hiyo wakaandika kwamba nimeshughulika na ayodini kwa uzembe na nimeficha. Wakanitoa chumba cha dawa, wakanipa kazi ya kuzunguka kukagua mashine za eksirei kwenye korido. Chumba akapewa Sadiki. Alinifuata mpaka kwenye maegesho ya pikipiki.

"Mwalimu, mimi sikuomba."

"Najua. Hukuomba. Umepewa."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mwaka ule lisilohusu kazi. Baadaye nilirudishwa idarani, chini yake. Ananiheshimu mpaka inauma. Asubuhi anasubiri nimwamkie au aniamkie, hajui, na mimi sijui, basi tunaulizana habari za maji kama yametoka.

Utasema baba, uliwadanganya, sasa unalalamikia nini? Nalalamika hivi: walikuwa na haki ya kuuliza. Hawakuwa na haki ya kusahau miaka yangu yote ya namba ndogo kwa sababu ya namba moja kubwa. Mtu mmoja tu mezani pale angesema, huyu hafanyi hivi, tutafute tena, ningefungua mdomo. Hakusema mtu. Na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na yale niliyomwambia Sadiki mbele ya mama wa deki. Ningesema beji ilikwenda nyumbani, wangeniuliza ililala wapi, na mimi ndiye niliyetangaza kwamba asiyejua ilipolala hastahili.

Lakini moyoni nilikuwa na jibu langu. Sikuwa mjinga. Beji imepotea nyumbani wiki ambayo mama ana ayodini mwilini, inarudi na namba kubwa. Ilikuwa chumbani kwake. Nilijiambia ilidondoka nilipokuwa namlaza, yeye akaiokota akaitundika kwenye ule msumari wa juu ya kitanda, pamoja na kanga yake ya kanisani, akasahau, kisha mtu akairudisha kimya kimya kwa kuogopa kelele zangu. Jibu hilo limenitosha miaka minane. Namba haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya msumari. Nilidhulumiwa kwa ajili ya msumari, na nikazoea hivyo, nikawa hata najihurumia vizuri.

Mpaka ulipomwambia shangazi yako kwamba ulidhani ni kinga.

Jumatatu nilitoka kazini mapema nikaingia chumba kile. Siku hizi kina baiskeli ya Yona na magunia ya mahindi, ila kitanda hakijaondoka, wala msumari. Nikapima kwa futi ya fundi, kutoka mto ulipokuwa mpaka kwenye msumari. Nikarudia hesabu zote: dozi aliyomeza, jinsi inavyopungua, masaa ya kulala. Beji ingekuwa chini ya mto, namba ingekuwa kubwa mno. Ingebaki kwenye koti sebuleni, isingefika hata robo. Namba ile inaangukia umbali wa mkono mmoja, usiku mfululizo. Msumari uko umbali wa mkono mmoja. Na mtoto aliyelala mgongoni kwa bibi yake, beji kifuani, kakunja magoti, yuko umbali huo huo.

Nimepiga mara nne. Mtu anageuka usingizini, ukuta haugeuki, lazima kuwe na tofauti. Ipo, lakini imezama ndani ya nisiyoyajua. Uligeuka mara ngapi? Uliingia saa ngapi, ulitoka kabla sijaamka kwa muda gani? Hesabu haijui kutofautisha kifua na msumari. Maisha yangu yote hesabu zilinitoa kwenye kila shimo, na hili zimenifikisha ukingoni zikaniacha nimesimama.

Kuna na jambo lingine. Mwaka juzi, bibi yako akiwa kitandani kule Buigiri siku zake za mwisho, nilikaa naye mchana. Nikamwambia, mama, ile wiki ya kidonge, unanisamehe? Akaniambia, "Mbona sikulala peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu." Alikuwa mtu wa kanisa. Nikadhani anamsema Bwana Yesu. Nikaitika amina, nikamfunika miguu.

Sasa nisaidie, Nyemo, maana mimi nimechanganyikiwa, na sipendi neno hilo.

Kama ni msumari, wewe ni msafi, na mama yangu alilala wiki ile nzima akiangalia ukuta, akinisikia nikirusha shikamoo. Kama ni kifua, mama yangu hakuwa peke yake. Alikuwa na mjukuu wake mgongoni kama desturi yake, amevaa kidude cha baba akiamini hakuna kitakachompata. Hapo nataka kucheka. Kisha nakumbuka kwamba ulipita uani gizani ukavuka kila nilichokataza, ukameza wewe, mwenye miaka kumi na minne, kile nilichokipigia hesabu kisikufikie. Hapo nataka kupiga kelele. Kisha nakumbuka mwezi wa tisa, ulivyokuwa ukiniona narudi mapema, nakaa na viatu mguuni, na hukusema. Miaka minane. Hapo sina la kufanya kabisa.

Ulinyamaza kwa kuniogopa? Au ulinyamaza kwa sababu bibi alikuapisha? Au hukuwa unajua kwamba vitu hivi viwili ni kitu kimoja, mpaka ulipofika chuo na kufundishwa beji ni nini? Hilo la tatu ndilo ninaloliombea. Nakuona darasani, mhadhiri anaeleza, na wewe unaelewa ghafla kilichomtokea baba yako. Ikiwa ndivyo, siku ile ulipita nayo peke yako, na mimi jioni nilikuuliza tu kama umekula.

Usiogope namba yenyewe. Nakuambia kama mwanafizikia, acha ubaba pembeni. Haikukuua wala haitakuua. Iko ukingoni mwa kile tunachomruhusu mtu mzima anayemuuguza ndugu yake kwa hiari. Kwa mtoto sisemi ilikuwa sawa. Nasema hutalala macho kwa ajili yake.

Lakini kesho kutwa utafika kuanza kazi kwenye hospitali ya watu huko ng'ambo. Siku ya kwanza watakupa beji yako, na watakuuliza kama umewahi kupata mionzi kabla ya kuanza kazi. Utaandika nini? Ukiandika hapana na ni hapana, sawa. Ukiandika hapana na ni ndiyo, utakuwa umeanza kazi hii pale pale mimi nilipoiharibu yangu, mbele ya meza, kwa neno moja fupi. Mimi nilidhani najilinda. Kumbe baada ya neno lile kila kweli niliyosema ilibidi iruke juu yake. Najua uchovu wake. Sikutakii.

Na huko utapewa wagonjwa wa kuwaeleza siku zao. Hawatakuuliza nguvu ya dawa. Watakuuliza, nitambeba lini mwanangu? Mimi zamani nilikuwa naanza na makatazo, naorodhesha, nafunga faili. Siku hizi naanza na wanachoruhusiwa. Namwambia mama, mtoto atakaa kwenye kiti kile kule, utamwimbia, atakuona ukila. Kiti nakiweka mwenyewe, nakaa mimi kwanza, tunaongea hapo hapo tulipo. Inachukua muda na Sadiki hajawahi kuniuliza kwa nini nachelewa. Sikufundishwa na kitabu. Nilijifunza kwa shikamoo iliyokataliwa, na bado sijui kama nilijifunza kwa wakati.

Jambo la mwisho ni la kwangu. Ukiniambia ni kifua, namba ile haiwezi kubaki chini ya jina langu. Nitakwenda kwa Sadiki Ijumaa, nitamwambia beji ilikwenda nyumbani, nilisema uongo, na namba ni ya binti yangu. Aandike inavyopasa. Nimebakiza miaka mitatu kustaafu na nilitaka kumaliza kimya kimya, lakini ng'ombe huyo nimeshamjua zizi lake. Ukiniambia ni msumari, nitakwenda vilevile nimwambie beji ilikwenda nyumbani, basi. Ile nusu ya maneno ni deni langu kwake kwa vyovyote. Nusu nyingine iko kwako.

Sitaki uninyanyue. Usiseme msumari kwa kunihurumia, wala kifua kwa kudhani nataka kusikia bibi yako hakuwa mpweke. Hata mimi sijui nataka kusikia lipi. Nimejaribu kujikamata nikiombea moja, kila mara najikuta naombea lile lingine.

Mpira umenyamaza uani. Nasikia mama yako anabishana na mwenye bajaji getini. Nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha safari, kile cha kushoto, maana najua huwa unaanza nacho.

Treni ni kesho saa tatu, na saa moja kamili tunatoka nyumbani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa chumba cha uani, nimekaa kwenye kitanda cha bibi yako. Usinitumie ujumbe wa simu, usimtume Yona, wala usiniamkie kutoka mlangoni. Ingia mpaka ndani, ukae karibu, kisha unijibu kwa neno moja kabla mama yako hajaanza kutuita.

Usiku wa wiki ile beji yangu ilikuwa kifuani mwako, au kwenye msumari?

Baba yako